Panga Butu, Panga Chafu: Namna ya Kunoa na Kutunza Panga na Kisu Ukiwa Shambani

Leo siongelei mbolea wala mbegu. Naongelea kitu ambacho kila kaya inacho na karibu hakuna anayeniuliza habari zake: makali ya panga na kisu. Kilichonisukuma kuandika ni aibu niliyoipata mwenyewe, kwa hiyo ngoja nianze na hiyo.

Miezi michache iliyopita nilipita kwenye kibanja cha mama mmoja, mkulima wa migomba na kahawa huku kwetu Kagera. Nilimkuta anakata mgomba ambao mkungu wake ulishavunwa. Si unajua shina la mgomba lilivyo laini? Panga zuri linapita kwa pigo moja au mawili. Yeye alikuwa anapiga mara saba, mara nane, jasho linamtoka, na shina limechanika nyuzi nyuzi kama kamba iliyofumuka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba bibi shamba. Umekuja kuniona ninavyoteseka?"

"Mbona panga halikati?"

Akalitupa chini. "Si nyie mlituambia tulichome motoni? Nimelichoma. Sasa limekuwa bati. Nikilinoa asubuhi, saa nne limeshalala. Kwa hiyo huo moto wenu nimeuacha."

Nikaliokota lile panga. Ubapa wake ulikuwa mweusi na wa bluu mpaka katikati. Nikachukua tupa kwenye begi nikalipitisha mara moja tu. Tupa ilizama kama vile nakata sabuni. Nikamuuliza alikuwa analichoma vipi. Akanionyesha mafiga: alikuwa analichomeka kwenye makaa na kuliacha mpaka liive, jekundu, ndipo analitoa. Ukweli ni kwamba kwenye mafunzo tulisema "choma panga kabla ya kuhamia shina lingine". Hatukusema lichomwe kiasi gani. Mama alifanya tulichosema, tena akafanya kwa bidii. Kosa lilikuwa langu.

Hasara haikuwa panga peke yake. Kwa kuwa moto uliliharibu panga lake, aliacha kulisafisha kabisa, na alikuwa anatoka shina hadi shina na panga lilelile. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa nini kunoa na kusafisha ni somo moja

Wakulima wa migomba mnaujua mnyauko bakteria. Majani yanageuka njano na kunyong'onyea, ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina unaona ute wa njano kama usaha. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia huku kwetu Kagera. Hauna dawa ya kupulizia. Mgomba ukishaugua, hauponi.

Wadudu wanaeneza, miche yenye ugonjwa inaeneza, lakini njia mojawapo kubwa ni panga na kisu. Unakata jani la mgomba unaoonekana mzima, kumbe ndani una vijidudu. Utomvu unabaki kwenye makali. Unahamia mgomba wa pili, unamchanja. Ni kama sindano moja kuchoma watu kumi.

Kahawa nayo ina yake. Mnyauko fuzari unaingia kwenye mbuni kupitia vidonda, hasa vile tunavyoviacha chini ya shina wakati wa kufyeka na kupalilia. Panga butu linateleza, linakwaruza shina ambalo hukukusudia kuligusa.

Kwa hiyo shika mambo mawili. Kwanza, makali mazuri yanakata mara moja na kuacha kidonda kisafi. Panga butu linachana, linaongeza vidonda, na utomvu unaganda kwenye mikwaruzo na kutu. Pili, panga lililonolewa halijawa safi. Kunoa hakuui vijidudu. Tena jiwe na tupa navyo vinashika utomvu. Kwa hiyo utaratibu ni huu: noa kwanza, safisha baadaye, ndipo ukate. Usigeuze.

Moto kiasi gani?

Swali hili ndilo nilipaswa kulijibu tangu mwanzo.

Panga limetengenezwa kwa chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ugumu ule ndio unaoshika makali. Ukilipasha tena kupita kiasi, ugumu unaondoka. Na chuma kinakuonya kwa rangi: kinaanza kuwa cha njano kama majani makavu, kinakuwa cha kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Ukiona bluu, umeshachelewa. Ukifika kwenye nyekundu, umebaki na bati, kama alivyosema yule mama.

Cha kusikitisha ni kwamba mkoa wetu ni wa watu wa chuma. Pale Katuruka, karibu na Bukoba, watafiti wamechimba mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wahunzi wale walisoma rangi ya chuma motoni kama wewe unavyosoma saa.

Basi, fanya hivi:

1. Futa kwanza tope na utomvu kwa majani au kitambaa.
2. Washa moto wenye ndimi. Usitumie makaa ya kuzikia panga ndani.
3. Pitisha ubapa juu ya ndimi za moto, huku na huku, pande zote mbili, bila kusimama sehemu moja.
4. Simama pale ambapo panga ni la moto kiasi kwamba huwezi kuligusa kwa kidole. Kulijua, dondoshea tone la maji: likichemka na kukauka papo hapo, inatosha.
5. Chuma kisibadilike rangi. Masizi meusi si tatizo, yanafutika.

Kama moto unakusumbua, tumia dawa ya klorini ya kufulia, ile wengi tunaiita jiki. Kipimo ni sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 5 za maji. Kopo lolote litatumika kupimia, mradi liwe hilohilo kwa vyote viwili. Weka kwenye dumu lililokatwa mdomo, refu, ili makali yote yazame pamoja na kila sehemu iliyogusa utomvu. Osha tope kabla ya kuchovya, maana uchafu unamaliza nguvu ya jiki. Changanya mpya kila siku, na uiweke kivulini. Usiichanganye na siki, ndimu wala dawa nyingine ya usafi, inatoa hewa ya sumu.

Mwenye mapanga mawili anafaidi zaidi: moja linalowa kwenye dumu wakati la pili linafanya kazi, kisha unabadilisha kila shina. Hupotezi muda.

Lakini jiki nayo inakula chuma. Ukimaliza kazi, suuza panga kwa maji mengi, kausha, pakaza mafuta. Usipofanya hivyo, kesho utakuta kutu, na kutu ndiyo mwanzo wa kulalamika kwamba "jiki yenu nayo imeniharibia panga".

Vifaa vya kubeba shambani

Huhitaji mashine. Kwenye mfuko mdogo weka:

- Tupa bapa, iliyovishwa mpini. Gunzi kavu la mahindi linafaa sana: lichomeke kwenye mkia wa tupa. Tupa isiyo na mpini inachoma kiganja siku inapokwama.
- Kinoo, yaani jiwe la kunolea. Likiwa na upande mkavu na upande laini, ni bora. Jiwe bapa la mtoni lenye chembe ndogo nalo linasaidia.
- Chupa ndogo ya maji kwa ajili ya kinoo.
- Kipande cha chaki. Kipake kwenye meno ya tupa kabla ya kunoa, unga wa chuma hautaganda humo.
- Kitambaa kikavu na mafuta kidogo. Kwa kisu kinachogusa chakula tumia mafuta ya kupikia, usitumie oili chafu ya gari.

Tupa inatumika kavu. Kinoo kinatumika na maji. Ukimwagia tupa maji inapata kutu, na ukitumia kinoo kikavu, unga wa chuma unaziba vitundu vyake na kinaanza kuteleza.

Kunoa panga hatua kwa hatua

Kwanza, angalia. Geuza makali yaelekee jua na uyatazame kwa urefu. Makali yaliyo mazuri hayaonekani. Sehemu iliyolala inang'aa kama uzi mweupe. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Pili, lishike panga lisicheze. Lilaze juu ya kisiki au gogo, makali yakiwa nje kidogo ya gogo na yakielekea mbali na wewe. Lifunge kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Usinoe panga likiwa limebanwa katikati ya magoti. Nimeona makovu ya kutosha.

Tatu, tafuta pembe. Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo katikati, unapata 45. Ikunje tena, unapata kama 22. Weka hiyo kabari ya karatasi kando ya makali uone tupa inapaswa kuinuka kiasi gani. Kwa panga inuka zaidi kidogo ya hapo, kati ya nyuzi 22 na 30, kwa sababu panga linapiga na makali membamba sana yatajikunja au kumeguka. Kwa kisu cha jikoni au cha kuchunia, shuka kidogo, nyuzi 15 hadi 20.

Nne, sukuma tupa kwa mshazari kuanzia upande wa mpini kuelekea ncha. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukirudi, inyanyue. Watu wengi wanasugua mbele na nyuma kama wanapiga mswaki, na tupa inakufa mapema. Vidole vya mkono wa pili vikae juu ya tupa, visishuke kwenye makali.

Tano, endelea mpaka upande wa pili utokeze ukingo mdogo unaokwaruza. Kuuhisi, pitisha kidole gumba kutoka katikati ya ubapa kwenda nje ya makali. Kamwe usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Ukingo ule ukiusikia kuanzia mwanzo hadi mwisho, upande huo umekamilika.

Sita, geuza ufanye upande wa pili vilevile. Halafu chukua kinoo chenye maji, upande laini, pitisha kidogo kidogo kila upande kwa zamu, ukipunguza nguvu, mpaka ule ukingo upotee.

Saba, jaribu kwenye jani la mgomba lililokatwa. Likipita bila kuvuta, tayari. Usijaribu kwenye nywele za mkono wala ukucha. Huna wa kumwonyesha.

Na kama umesahau kinoo, kuna ujanja wa dharura kwa kisu kidogo: geuza kikombe cha kauri juu chini. Ile duara ya chini isiyo na mng'ao inanoa. Pitisha kisu humo mara chache kila upande. Mkanda wa ngozi nao unamalizia vizuri, ila hapo kisu kinavutwa kinyumenyume, mgongo ukitangulia, la sivyo utaukata mkanda.

Mundu, fyekeo na mkasi wa kupogolea

Mundu wa makali laini nolea upande ule tu ulioinamishwa na kiwanda, kwa jiwe la mviringo au tupa ya mgongo wa duara inayofuata mpindo wake. Mundu wenye meno ya kuvunia mpunga usiupitishie tupa bapa, utayafuta meno.

Fyekeo linanolewa kama panga, ila likague kwanza kama mpini haujalegea. Fyekeo linalochomoka ni hatari kuliko lililo butu.

Mkasi wa kupogolea kahawa una upande mmoja ulioinama na mwingine bapa. Noa ule ulioinama tu. Upande bapa uguse mara moja kwa kinoo kilicholala kabisa, kuondoa ukingo. Ukiunoa upande bapa kwa pembe, mkasi utaacha nafasi katikati na utakuwa unatafuna tawi badala ya kulikata.

Usisubiri panga life

Kosa kubwa tunalofanya ni kunoa mara moja kwa mwezi, nguvu nyingi, chuma kingi kinaondoka. Panga linaisha upana kabla ya umri wake. Fanya kinyume: noa kidogo, noa mara kwa mara. Asubuhi kabla ya kutoka, tupa mara chache kama kuna sehemu inayong'aa. Ukiwa shambani, ukiona umepiga pigo la pili mahali ambapo jana pigo moja lilitosha, simama. Kinoo na maji, mara nne au tano kila upande, ni dakika mbili tu. Safisha, endelea.

Usipige panga ardhini ukiwa unafikiria cha kusema. Usilichomeke kwenye udongo unapopumzika. Mchanga ni mgumu, unakula makali hata bila jiwe kuonekana.

Kuhusu grenda za sokoni: zinasaidia panga lililomeguka sana, lakini zile cheche zina joto. Mwambie fundi agusishe kidogo kidogo na kuchovya kwenye maji kila mara. Akikurudishia panga lenye mstari wa bluu kwenye makali, amekurudishia ugonjwa uleule wa mafiga.

Ukishamaliza siku, osha, kausha, paka mafuta, vika ala. Kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu ni ala nzuri na hakishiki unyevu. Hasa ukipanda bodaboda, tafadhali. Panga wazi mgongoni mwa dereva si mzigo, ni ajali inayosubiri tuta.

Na ukijikata? Bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono au mguu, bana bila kuchungulia chungulia. Usiweke udongo, majivu wala utomvu wa mgomba. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, yaani palepale tunapofanyia kazi. Nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Yule mama je?

Nilirudi wiki iliyofuata. Lile panga hatukuweza kuliokoa, chuma kilikuwa kimelegea mpaka katikati. Sasa analitumia kuchimbua magugu kwenye mfereji. Lililoungua ukingoni tu lingeweza kupona: unaondoa kwa tupa ile sehemu ya bluu mpaka ufikie chuma kigumu, pale tupa inapoanza kuteleza kidogo badala ya kuzama.

Alikuwa amenunua jipya. Tukalinoa pamoja kwenye kisiki, tukalipitisha kwenye ndimi za moto, tone la maji likachemka, rangi haikubadilika. Tulizunguka kibanja chote tukakuta mashina mawili yenye dalili. Akayakata usawa wa ardhi, kila moja kwa panga lililosafishwa kabla na baada. Maua dume ya migomba mizima tuliyavunja kwa kijiti chenye panda, bila kisu kabisa, maana pale ndipo wadudu wanapoingilia.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Sasa bibi shamba, na wale wengine mliowafundisha siku ile?"

Sikuwa na jibu zuri. Tulikuwa watu wengi kwenye mafunzo yale, na wote walisikia neno moja: choma. Ndiyo maana nimeandika haya. Kama na wewe ulikuwepo, au ulifundishwa hivyohivyo kwingine, mweleze jirani yako: mpaka usiweze kuligusa, si mpaka liwe jekundu. Na kama jirani anakuazima panga, au unamwazima lako, lisafishwe likienda na lisafishwe likirudi. Hiyo si dharau kwa jirani. Ni kuilinda migomba yake na yako.

Kazi njema, tukutane shambani.